Baada ya filimbi, mpira unaanzia wapi?

Leo tunaandika juu ya basketi. Msiseme ni jambo la watoto. Mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba tunaongea juu yetu sisi wenyewe.

Kwanza tuseme wazi: sisi hatugombani juu ya faulo. Refa akipiga filimbi, mchezaji anakunja uso, anatupa mikono juu, halafu anarudi mchezoni. Ugomvi unakuja dakika ile inayofuata, wakati mpira unatakiwa kuingizwa tena kiwanjani. Nani anauingiza? Anasimama wapi? Anaruhusiwa kutembea? Anayemzuia anakaa mbali kiasi gani? Hapo ndipo kila mmoja anakuwa refa, na hapo ndipo mama wa mchezaji anaacha maharage yake motoni na kuingia kiwanjani.

Mnakumbuka mechi ya kirafiki tuliyoenda kucheza Chisenga. Kiwanja kilikuwa cha udongo, mistari imechorwa kwa majivu, na nguzo zilikuwa zile za netiboli ambazo hazina ubao nyuma ya ringi. Watu walikuwa wengi, wameshika mistari pande zote. Katika mechi ile ile moja, tulihesabu faulo tatu zilizotokea karibu sehemu moja, upande wa kulia wa kikapu chao. Ya kwanza, refa alitupa mpira uanzie mstari wa pembeni. Ya pili, alituambia tuanzie chini ya kikapu. Ya tatu, zikiwa zimebaki sekunde chache, alituambia turudi katikati ya kiwanja. Tulipouliza, alijibu neno moja: "Chezeni." Na sisi hatukucheza. Tulisimama, wao nao wakasimama, na upande wa watazamaji mtu mmoja akapaza sauti: "Hawa wakimbizi kila siku ni kulalamika." Mwingine wa kwetu akajibu maneno ambayo hatutaki kuyaandika hapa. Mechi ilikufa pale pale. Tulirudi kwenye mtumbwi bila kuagana vizuri na watu waliotupikia samaki mchana ule.

Hatumtaji refa yule kwa jina, na hatusemi alikuwa mtu mbaya. Alijitolea, hakulipwa hata ngwee moja. Lakini tunasema hivi: maamuzi matatu tofauti kwa jambo moja si busara ya refa, ni kukosekana kwa sheria. Na pale sheria inapokosekana, watu wanatafuta sababu nyingine. Sisi tutasema "ni kwa sababu tunatoka Kongo." Wao watasema "ni kwa sababu hawa hawana adabu." Kumbe sababu ya kweli ilikuwa ndogo sana: hakuna aliyekuwa amekubaliana na mwenzake, kabla ya mchezo, mpira unaanzia wapi baada ya faulo.

Sasa tuangalie sheria yenyewe inasemaje. Tunatumia kitabu cha sheria cha FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, toleo la mwaka 2022. Tumekisoma pole pole, wengine kwa Kifaransa na wengine kwa Kiingereza, na tunakieleza kwa lugha yetu.

Faulo ya kawaida, ile ya kusukuma au kushika mkono mtu ambaye hakuwa anatupa kikapuni, haina mtupo huru kama timu iliyokosa bado haijafikisha idadi. Timu iliyofanyiwa faulo inapewa mpira, na inauingiza kutoka nje ya mstari, mahali palipo karibu zaidi na faulo ilipotokea. Kuna sehemu moja tu inayokatazwa: moja kwa moja nyuma ya ubao. Ukijikuta hapo, unasogezwa pembeni kidogo. Basi. Kwa hiyo faulo zile tatu za Chisenga zilitakiwa kuanzia sehemu moja, au sehemu zinazokaribiana sana.

Timu ikishafanya faulo nne katika robo moja, hali inabadilika. Kuanzia ya tano, mchezaji aliyefanyiwa faulo anapewa mitupo huru miwili, hata kama hakuwa anatupa kikapuni. Lakini kama aliyefanya faulo ni wa timu yenye mpira, yaani mshambuliaji aliyemgonga mlinzi aliyesimama sawa sawa, hapo hakuna mitupo huru. Mpira unahamia kwa wapinzani na wanauingiza kutoka pembeni.

Faulo ya kiufundi, ile ya kumtukana refa au kuchelewesha mchezo makusudi, ina mtupo huru mmoja. Baada ya hapo mchezo unaendelea na timu ile ile iliyokuwa na mpira, karibu na pale mpira ulipokuwa. Wengi wetu tulifundishwa kwamba faulo ya kiufundi inakupa mtupo na mpira juu yake. Hiyo ni sheria ya zamani. Walimu wetu waliocheza Lubumbashi au Kalemie miaka ya nyuma walitufundisha kile walichokijua, na hawakukosea kwa wakati wao. Sheria imebadilika.

Faulo isiyo ya kimichezo, ile ya kumvuta mtu shati kwa nyuma anapokimbilia kikapu peke yake, ni nzito zaidi. Inatoa mitupo huru, na baada ya mitupo timu ile ile inapata mpira tena, kutoka mstari mdogo ulio pembeni, upande unaokabili meza ya waandishi, katika nusu ya kiwanja wanayoshambulia. Zamani mpira huo ulianzia katikati ya kiwanja. Huenda refa wetu wa Chisenga, alipotupeleka katikati, alikuwa anakumbuka sheria hiyo ya zamani, tena kwa faulo ya aina nyingine. Hapo mnaona jinsi mtu anaweza kuwa na sheria kichwani na bado akakosea.

Kisha kuna yule anayeingiza mpira. Refa anamkabidhi mpira mkononi, au anamrushia akiwa karibu, si zaidi ya mita 4. Tangu hapo ana sekunde 5. Baada ya faulo hatakiwi kukimbia kwenye mstari: anaruhusiwa kusogea kando kwa jumla ya mita 1 tu. Kurudi nyuma anaruhusiwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Yule anayeweza kukimbia huku na huku nyuma ya mstari wa mwisho ni anayeingiza mpira baada ya kikapu kufungwa. Hili linatuchanganya sana. Vijana wetu wanaona kwenye simu mchezaji wa Marekani anakimbia nyuma ya mstari baada ya kikapu, halafu wanafanya vile vile baada ya faulo, na refa akipiga filimbi wanaona wameonewa.

Na mlinzi? Haruhusiwi kupitisha mkono wala mguu juu ya mstari kabla mpira haujaachiwa. Halafu kuna kifungu kimoja ambacho tulipokisoma tulicheka, kwa sababu ni kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya Mantapala na Chisenga. Kinasema kwamba kama nafasi ya nje ya mstari ni chini ya mita 2, labda kuna ukuta au kizuizi, basi mlinzi lazima akae angalau mita 1 kutoka kwa anayeingiza mpira. Fikirini viwanja vyetu: mwembe huku, baiskeli kule, mama mwenye beseni la vitumbua, watoto wamekaa hadi kwenye majivu ya mstari. Karibu kila mpira wetu unaingizwa mahali penye nafasi chini ya mita 2. Hiyo mita 1 ni haki yetu kila siku, na hatujawahi kumwona refa anayeitoa.

Dakika 2 za mwisho za robo ya nne ndizo zenye mambo mengi zaidi. Refa anatakiwa kumfanyia mlinzi ishara ya onyo kwamba asivuke mstari, kabla hajakabidhi mpira. Mlinzi akivuka baada ya hapo, ni faulo ya kiufundi. Tena, kama mlinzi anamshika mshambuliaji ndani ya kiwanja wakati mpira bado uko mkononi mwa refa au mwa anayeuingiza, toleo la 2022 linaita hiyo faulo ya wakati wa kuingiza mpira: mtupo huru mmoja, na mpira unabaki kwa timu iliyokosewa. Kabla ya toleo hilo, tendo lile lile lilihesabiwa kuwa faulo isiyo ya kimichezo. Mkono ni ule ule na shati ni lile lile, adhabu ndiyo imebadilika. Ndiyo maana tunasema kila refa lazima ajue anasoma kitabu cha mwaka gani.

Kuna watakaosema: "Ninyi mnaleta FIBA kwenye vumbi. Hatuna mistari, hatuna saa, hata filimbi tunaazima kwa mwalimu." Tunaelewa. Lakini angalieni vizuri: kati ya yote tuliyoyataja, ni nini kinachohitaji pesa? Mita 1 unaipima kwa hatua moja ndefu. Sekunde 5 refa anazihesabu kwa mkono wake. Mahali palipo karibu na faulo anapaona kwa macho. Hizo sekunde 5 ni za zamani kuliko umeme katika vijiji vingi: James Naismith alipobuni mchezo huu mwaka 1891 kule Springfield, Marekani, aliandika sheria 13, na tayari ndani yake alisema anayeingiza mpira ana sekunde 5. Wakati huo walitupa mpira kwenye vikapu vya kuchumia matunda. Kama wao waliweza na vikapu vya matunda, sisi wenye ringi ya chuma tunashindwaje?

Wengine watasema: "Mwachieni refa atumie busara." Hapa tunataka kuongea kwa makini, kwa sababu ni kweli refa lazima atumie busara. Sheria inasema "mahali palipo karibu zaidi," lakini haimwambii ni mwembe gani. Wachezaji wawili wakigongana sawa sawa kwenye kona, karibu na mstari wa pembeni na pia karibu na wa mwisho, yeye ndiye anachagua. Hatumnyimi hilo. Tunachoomba ni kwamba akichagua mstari wa mwisho kwa timu A, basi achague mstari wa mwisho kwa timu B jambo hilo hilo likitokea tena. Na aonyeshe kwa kidole, mapema, kabla hajakabidhi mpira, ili wote waone. Busara inayobadilika kila dakika tano watu wataiita kwa jina lingine, na jina hilo mnalijua.

Hata wakubwa wa dunia waliwahi kuanguka kwenye jambo hili hili. Mwaka 1972, fainali ya Olimpiki ya Munich, Marekani na Umoja wa Kisovieti. Zilikuwa zimebaki sekunde 3. Doug Collins wa Marekani alifanyiwa faulo, akatupa mitupo huru miwili, yote ikaingia: Marekani 50, Wasovieti 49. Kilichobaki ni Wasovieti kuingiza mpira kutoka chini ya kikapu. Jambo dogo. Lakini mpira ule uliingizwa mara tatu. Mara ya kwanza mchezo ulisimamishwa kwa sababu ya mabishano kwamba Wasovieti walikuwa wameomba muda wa mapumziko. William Jones, katibu mkuu wa FIBA, akashuka kutoka jukwaani na kuamuru sekunde 3 zirudishwe, ingawa sheria haikumpa kazi hiyo. Mara ya pili mpira uliingizwa wakati saa bado haijawekwa sawa, honi ikalia, Wamarekani wakaanza kushangilia. Wakaambiwa hapana, warudie. Mara ya tatu Ivan Edeshko alirusha mpira kutoka mwisho mmoja wa kiwanja hadi mwingine, Alexander Belov akaudaka na kufunga. 51 kwa 50.

Kuna sehemu moja ya mara ile ya tatu ambayo sisi tunaipenda kuliko zote. Mbele ya Edeshko alikuwa amesimama Tom McMillen, mtu mrefu sana, anapunga mikono. Refa Artenik Arabadjian kutoka Bulgaria alifanya ishara ya mkono kuelekea kwake. McMillen akarudi nyuma, na Edeshko akapata nafasi ya kurusha. Baadaye McMillen alisema refa alimwambia arudi nyuma. Refa alisema hakumwambia hivyo. Mkono mmoja, maana mbili. Rufaa ya Marekani ilishindwa kwa kura 3 dhidi ya 2, wachezaji wakakataa kuchukua medali za fedha, na mpaka leo hawajazichukua. Zaidi ya miaka 50 imepita! Kama ishara moja isiyoeleweka inaweza kuwagawa watu wenye viwanja vya mbao na saa za umeme, itawafanya nini vijana wa Chisenga na Mantapala, ambao tayari kuna maneno kati yao?

Na hapa tufike kwenye maneno yenyewe. Sisi wengi tulijifunza basketi kwa Kifaransa. Tunasema "foti," tunasema "tushi." Wenzetu wa Zambia wamejifunza kwa Kiingereza shuleni. Tukitaka kuelewana tunarukia Kibemba au Kiswahili, ambavyo kwa bahati njema vinavuka ziwa hili bila kuombwa kitambulisho. Sasa refa anapopaza sauti neno moja la Kiingereza, nusu ya timu yetu haijui kama amesema mpira ni wetu au wao. Siku ile Chisenga, mchezaji wetu mmoja alikuwa anauliza, "Ba refa, tushi ya nani?" Refa alidhani anamwambia kwamba mpira uligusa mtu. Akajibu kitu kingine kabisa. Watu wawili wenye nia njema waligombana juu ya neno.

Kuna tofauti nyingine tuliyoigundua tulipokaa kuongea na dada zetu wa pale wanaocheza netiboli. Katika netiboli, ukikosewa, unapiga pasi pale pale ndani ya kiwanja ulipokosewa, na aliyekosea anasimama kando yako bila kucheza mpaka mpira uondoke. Kwenye futiboli pia mpira unawekwa pale pale. Sasa mtu aliyekulia kwenye netiboli na futiboli akiona basketi inampeleka aliyekosewa nje ya mstari, anashangaa: kwa nini anayeonewa ndiye anayetolewa nje? Swali ni zuri! Kwenye basketi kiwanja ni kidogo na watu wanabanana, ndiyo maana mpira unatoka nje ili mchezo uanze kwa nafasi iliyo wazi kwa wote. Lakini mtu haambiwi hivyo. Anaambiwa "chezeni." Na sisi tunaamini kwamba nusu ya kelele za watazamaji siku ile zilikuwa za watu waliojua mchezo mwingine, si za watu waliotuchukia.

Sasa mtuulize: kwa nini mnalifanya hili kuwa kubwa hivyo?

Tunajibu hivi. Sisi ni watu tuliovuka mpaka. Wengi wetu tulitoka pande za Pweto, Moba na kwingine Katanga na Tanganyika, tukapita Kenani mwaka 2017, halafu Mantapala ilipofunguliwa Januari 2018 tukaanza kukata miti na kujenga. Tangu siku ile tunaishi kwa maamuzi ya watu wenye filimbi. Foleni ianzie wapi, nani aitwe kwanza, karatasi hii inatosha au haitoshi. Mara nyingi uamuzi wenyewe si mbaya. Kinachouma ni kutojua sababu. Mtu akikwambia "hapana, kwa sababu hii," unaumia halafu unalala. Mtu akikwambia "hapana" tu, hulali. Unaanza kuhesabu: ni kabila langu? Ni jimbo langu? Ni kwa sababu sikutoa kitu?

Na wenyeji wetu wa Nchelenge na Chisenga nao wana maamuzi yao ya kuvumilia. Kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa ili samaki wazae. Mvuvi wa Chisenga anaweka nyavu ndani na anaona njaa inakuja, lakini anakubali zaidi pale anapoona kwamba nyavu za jirani yake pia ziko ndani. Akiona mtumbwi mmoja unatoka usiku na hakuna anayeuliza, hasira yake haiendi kwa samaki. Ni jambo lile lile. Sheria ngumu inayowapata wote inabebeka. Sheria nyepesi inayompata mmoja na kumwacha mwingine haibebeki.

Kwa hiyo kiwanja cha basketi ni mahali pachache ambapo sisi na wao tunaweza kuishi chini ya sheria moja, inayosomwa kwa sauti, kwa muda wa dakika 40, bila kuulizana tumetoka wapi. Hiyo si kitu kidogo. Angalieni Sudan Kusini. Wachezaji wao kadhaa walipitia maisha ya ukimbizi Kenya, na Luol Deng aliyeongoza shirikisho lao aliwahi kuwa mtoto mkimbizi Misri. Julai 2024 walicheza na Marekani mechi ya kirafiki London na wakapoteza kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Wiki moja baadaye, kwenye Olimpiki ya Ufaransa, waliishinda Puerto Rico 90 kwa 79. Pale hakuna aliyewapa pointi za huruma kwa sababu ni wakimbizi, na hakuna aliyewanyang'anya mpira kwa sababu hiyo. Mahali pa kuingiza mpira palikuwa pale pale kwa LeBron James na kwao. Sisi hatuombi zaidi ya hapo. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi akafika hadi NBA, na hatuna uhakika kama kati yetu kuna mwingine kama yeye. Lakini tuna uhakika kwamba hakuna atakayejulikana kama kila mechi inavunjika dakika ya mwisho.

Haya ndiyo mapendekezo yetu. Hayahitaji mfadhili.

Moja. Kabla ya kila mechi, refa awaite manahodha wawili na awaambie mambo matatu kwa Kibemba na kwa Kiswahili: tunatumia sheria ya mwaka gani, mpira baada ya faulo unaanzia wapi, na mlinzi akae mbali kiasi gani. Dakika mbili zinatosha. Watazamaji wa mstari wa mbele nao wasikie.

Mbili. Kila mechi kati yetu na wenyeji iwe na marefa wawili, mmoja wa kambini na mmoja wa kule tunakocheza. Wakitofautiana, waongee wao wawili peke yao, halafu mmoja aseme uamuzi na sababu yake. Sentensi moja tu: "Faulo ilikuwa hapa, mpira unaanzia hapa."

Tatu. Tuchimbie vijiti vifupi nje ya mistari, au tuweke mawe yaliyopakwa chokaa, mbali kidogo ili mtu asijikwae. Mvua inafuta majivu kila wiki, jiwe halifutiki. Refa akisema "jiwe la pili," hakuna wa kubisha.

Nne. Watazamaji wakae hatua mbili nyuma ya mawe hayo. Kazi hii tupewe sisi wa kujitolea. Tumezoea kupanga foleni.

Tano. Tuwafundishe dada zetu urefa. Wale wa netiboli tayari wanajua kuheshimu mahali pa kosa na umbali wa mlinzi, maana mchezo wao ni mkali juu ya nafasi kuliko wetu. Na tuseme ukweli, kelele zinapungua dada mwenye msimamo akishika filimbi.

Kwa wachezaji wetu tuna neno pia. Refa akishaonyesha mahali, nenda usimame pale. Ukiona amekosea, nahodha ndiye anayeuliza, kwa heshima, kama tunavyoongea na wakubwa huku: "Ba refa, mukwai, naomba kuelewa." Usimzunguke watu watano. Mtu aliyezungukwa haelezi sababu, anajitetea tu. Na refa akieleza sababu yake, hata kama haikupendezi, cheza. Tumedai sababu; tukipewa, hatuwezi kudai tena kwamba iwe ile tunayoipenda.

Uvuvi ukifungwa Desemba, vijana wengi wa Chisenga watakuwa na muda, na sisi hatuna mashamba ya kuvuna wakati huo. Tunapendekeza tukutane Jumamosi ya kwanza, wao waje au sisi twende, tusome kitabu pamoja ukurasa kwa ukurasa, na kila mmoja atafsiri kwa mwenzake. Mvua ikinyesha tutasomea ndani. Ikikauka tutatoka nje tupime ile mita 1 kwa miguu yetu. Walio tayari waandike majina yao hapa chini, na mwenye filimbi aje nayo.